Maombi ya Roho yapimwe nyumbani

Hapa Luano, mjini Lubumbashi, hakuna wa kutusingizia kwamba hatuombi. Ijumaa usiku kila barabara ina kipaza sauti chake. Kanisa moja linaimba, la pili linakemea pepo, na la tatu, ambalo bado ni kuta zisizopigwa lipu na turubai juu yake, lina mchungaji aliyekaukiwa sauti tangu Jumatano lakini hanyamazi. Alfajiri akina mama wanatoka mkeshani wamejitanda vitenge kwa ajili ya baridi ya mwezi wa saba, wanapita mbele ya mlango wangu, wengine moja kwa moja kwenda kununua makaa na unga wa bukari. Mara nyingi nami nimo kati yao. Ninakesha, ninafunga, ninanena kwa lugha Roho anaponijalia, na ninaamini kwa moyo wangu wote kwamba Roho Mtakatifu huwaongoza watu wanapoomba. Ndiyo sababu naandika maneno haya, tena nayaandika nikiwa ndani ya nyumba, si nje.

Ninachosema ni kwamba maombi yanayoongozwa na Roho yana kipimo, na kipimo hicho hakiko kanisani. Kiko nyumbani: kwa mke, kwa mume, kwa mkwe, kwa mtoto wa kambo, kwa jirani ambaye ukuta wake umegusa wako. Mtu akikesha usiku mzima akilia mbele za Mungu, kisha asubuhi akapita mlangoni kwa dada yake bila kumsalimu, tuna haki ya kuuliza ni nani aliyeongoza maombi yale. Roho anayetuingiza katika sala hutupeleka kwa mtu. Asipotupeleka kwa mtu, tumejiongoza wenyewe.

Sikulipata wazo hili kitabuni. Nililipata Kolwezi, katika kambi ya wafanyakazi ya Musonoi, ambako nilizaliwa na kukulia. Baba alikuwa mtu wa machimbo. Yeye na mama walikuwa wametoka Kasai, na wote wawili walikuwa watu wa Jamaa.

Vijana wengi wa leo hawaijui Jamaa, na hilo linanihuzunisha, kwa sababu ni harakati ya Kikatoliki iliyozaliwa hapa kwetu, kwa lugha yetu ya Kiswahili, kati ya watu wa shaba. Aliyeianzisha ni Padri Placide Tempels, Mfransisko wa Ubelgiji aliyefika Kongo mwaka 1933. Wasomi wanamkumbuka kwa kitabu chake juu ya falsafa ya Kibantu, kilichochapishwa hapa mjini mwaka 1945, wakati Lubumbashi ilipokuwa ikiitwa Élisabethville. Kwetu sisi alikuwa Baba Placide. Yeye mwenyewe alieleza kwamba kwa miaka mingi alifundisha kama mkubwa anayewaelekeza wadogo: watu wakaitika katekisimu, wakabatizwa, wakarudi nyumbani walivyokuja. Halafu akabadilika. Akaacha kufundisha kwanza, akaanza kuuliza. Mnatamani nini katika maisha yenu? Akasikia mambo matatu ambayo watu wa Jamaa wameyabeba hadi leo: uzima, uzazi na mapendo. Naye akawafungulia yaliyokuwa moyoni mwake mwenyewe. Kutoka mazungumzo hayo, mwanzoni mwa miaka ya 1950, kukatokea vikundi vya mume na mke.

Nasisitiza: mume na mke. Mwanamume wa Kolwezi hakuingia Jamaa akamwacha mkewe jikoni. Waliingia pamoja, wakapita njia pamoja, hatua kwa hatua, na hatua ya kwanza ilikuwa kujuana wao wawili. Fikiria kambi ile ilikuwaje. Kampuni ilikuwa imekusanya watu kutoka Kasai, kutoka Rwanda, kutoka vijiji vya Walunda na Wasanga na Waluba, ikawapanga kwa safu za nyumba zinazofanana. Jirani yako hukujua mama yake alizaliwa wapi. Mume alikwenda zamu, mke akabaki na watoto katika mji usio na shangazi wala bibi. Katika hali hiyo Jamaa iliwapa watu wazazi wa kiroho na watoto wa kiroho. Mlunda alimwita mtu wa Kasai baba, na hakuwa anacheza.

Jioni baba alipotoka kazini, alinawa, akaketi, na kabla ya chakula alimuuliza mama, "Mama, moyo wako leo uko namna gani?" Mama hakujibu "mzuri" ili yaishe. Alisema ukweli. Kama alikuwa amekasirikia neno la asubuhi, alilitaja. Kama alikuwa amemwona mke wa jirani akilia, alieleza. Baba akasema yake. Sisi watoto tulikuwa tunanusa sombe na njaa inatuuma, lakini tulijua hakuna atakayegusa bukari kabla hawajamaliza. Ndipo waliposali, sala fupi, kwa sababu kazi kubwa ilikuwa imekwisha kufanyika. Sikumbuki hata mara moja kumsikia baba akimwambia Mungu neno juu ya mama ambalo hakuwa amemwambia mama mwenyewe.

Jamaa haikuwa malaika. Tempels alirudi Ulaya mwaka 1962 na hakuja tena, akafariki mwaka 1977. Huku nyuma vikundi vingine vilikwenda kombo, vikajifungia katika siri, vikatafsiri ndoto na umoja wa kiroho kwa namna iliyovunja ndoa badala ya kuzijenga. Katika miaka ya 1970 maaskofu wa Katanga waliiwekea masharti makali. Wengine walilia kwamba wameonewa, na huenda baadhi yao walionewa kweli. Lakini mimi naona jambo moja wazi: pale ambapo kikundi kilianza kuficha kwa mke kile ambacho mume alifunuliwa, hapo ndipo kilipopotea. Kipimo ninachokitetea kingewaokoa.

Mume wangu hakukulia humo. Yeye ni Mluba wa Katanga, na kwao ni watu wa Pentekoste tangu zamani. Mwaka 1915 Waingereza wawili, William Burton na James Salter, walifika Mwanza, katika nchi ya Waluba, wakaanza kazi ambayo leo ni Jumuiya ya Kipentekoste, ya 30 katika Kanisa la Kristo Kongo. Mwezi wa kwanza wa 1920 wakristo wa kule walijazwa Roho katika mkutano wa maombi, na habari zake zimesimuliwa katika familia nyingi za kaskazini mwa Katanga hadi leo, kwa mume wangu pia. Ninapenda kukumbuka kwamba uamsho wa Azusa, Los Angeles, uliosambaza moto huo duniani, ulianza mwaka 1906, mwaka ule ule ilipoundwa kampuni yetu ya machimbo, Union Minière du Haut-Katanga. Kule Azusa, William Seymour, mtoto wa watu waliowahi kuwa watumwa, aliwaongoza weusi na weupe kupiga magoti pamoja, jambo ambalo sheria na desturi za Marekani ya siku zile zilikataa. Pentekoste yenyewe, kwa hiyo, ilijulikana kwanza kwa nani alikaa karibu na nani.

Tulipooana watu walisema nyumba hii itakuwa na altare mbili. Yeye huomba akitembea, kwa sauti, mikono juu. Mimi ni Mkatoliki wa shirika, yaani jumuiya ndogo ya mtaani, napenda kimya, na hata nilipoingia kundi la Karismatiki sikuacha rozari yangu. Mwanzoni kila mmoja aliomba chumbani kwake. Kisha nikamweleza desturi ya baba yangu, naye akasema tujaribu. Tangu hapo jioni zetu zina mpango mmoja: tunanyamaza kwanza, kitambo, hata kama ndege inapita juu ya bati. Kila mmoja anamwambia mwenzake yaliyo moyoni. Halafu ndipo tunaomba, yeye kwa namna yake, mimi kwa yangu.

Nitoe mfano, kwa ruhusa yake. Tulikuwa tunajenga chumba cha nyuma. Fedha za matofali tulikuwa tumeziweka pamoja, akaenda kulipa mafundi wanaochoma matofali ya udongo wa kichuguu, na matofali hayakuja. Wiki ikapita. Mimi sikuuliza, lakini nilikuwa nimejawa na uchungu. Jioni moja, katikati ya maombi, akiwa anamsihi Mungu awabariki watoto wetu, alisimama. Nilidhani amesahau neno. Akakaa chini, akasema, "Mama, kuna jambo sijakuambia. Fedha nilimpa mdogo wangu, mkewe alikuwa amelazwa, nikaona aibu kukueleza." Hakuna aliyemlazimisha. Hakuna nabii aliyemfichua. Katika sala yenyewe Roho alimzuia kuendelea mpaka aniangalie usoni. Tulilala usiku ule bila chumba cha nyuma na bila ukuta kati yetu. Kesho yake nilikwenda hospitali kumwona shemeji yangu, nikampelekea uji. Kama mtu ataniuliza Roho anasema namna gani, nitamsimulia jioni hiyo kabla sijafungua mdomo juu ya lugha na mafunuo.

Maandiko yako upande wangu. Petro, katika waraka wake wa kwanza, sura ya 3, anawaonya waume waishi na wake zao kwa heshima ili sala zao zisije zikakwama. Yesu mlimani alimwagiza mwenye sadaka aiache hapo hapo madhabahuni na kwenda kwanza kupatana na ndugu yake. Na Paulo alipowaandikia Wagalatia juu ya tunda la Roho, alianza na upendo, akaendelea na mambo ambayo karibu yote hayawezi kuonekana mtu akiwa peke yake. Nani atajua kwamba mimi ni mvumilivu kama sina wa kumvumilia? Nitakuwa mpole kwa nani, kwa kiti? Paulo huyo huyo, katika sura ya 8 ya waraka kwa Warumi, anakiri kwamba sisi wenyewe hatujui namna ya kuomba na kwamba Roho hutusaidia katika udhaifu wetu. Ninalichukua neno hilo kwa uzito. Asiyejua kuomba huanza kwa kusikiliza. Wengi wetu tunaanza kwa kupiga kelele, kisha tunaondoka kabla hatujajibiwa.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo naliandika kwa shida.

Mwaka 1992 na 1993 Katanga iligawanyika. Watu wenye asili ya Kasai, wengi wao waliozaliwa hapa na wasioijua Kasai hata kwa picha, walifukuzwa kutoka majumbani na kazini, Likasi kwanza, kisha Kolwezi. Maelfu kwa maelfu walilala kwenye vituo vya reli wakisubiri treni. Wengi walikufa, hasa watoto. Wazazi wangu walikuwa kituoni Kolwezi. Mimi nilikuwa Lubumbashi, nimeolewa na Mluba wa Katanga, nimebeba mimba.

Yaliyotokea kituoni nilisimuliwa na mama. Kila siku, karibu na jua kuzama, walikuja mume na mke, Walunda, watoto wa kiroho wa baba katika Jamaa, wamebeba bukari katika sufuria iliyofungwa kitambaa, na maji ya kunywa. Kuja pale kulikuwa hatari. Wangeweza kuitwa wasaliti na kupigwa na watu wao wenyewe. Walikuja hata hivyo. Waliketi chini na wazazi wangu, na mwanamume akamuuliza baba, "Baba, moyo wako leo uko namna gani?" Baba alijibu ukweli, kama siku zote. Wakasali pamoja, Walunda wawili na watu wawili wa Kasai, katikati ya mizigo na harufu ya watu wengi wasio na maji. Walifanya hivyo mpaka siku treni ilipoondoka.

Nimesikia mahubiri mengi juu ya nguvu za Roho. Sijasikia yanayofika pale.

Wazazi walifika Mwene-Ditu, wakaanza upya wakiwa wazee. Baba hakuiona tena Kolwezi. Yaya yangu, yaani ndugu yangu mkubwa, ambaye alisafiri nao na alipoteza mtoto njiani, aliapa kwamba hatakanyaga tena Katanga na kwamba mume wangu si shemeji yake. Mume wangu hakuwa amemfanyia yaya lolote, lakini uchungu wa namna ile hauchagui. Tukaanza kumtaja yaya jioni, kwa jina. Nilitaka kuomba kwamba Mungu abadilishe moyo wake. Mume wangu akasema hapana, tusimwombee abadilike, tuombe tujue sisi tufanye nini. Jioni moja akasema ameelekezwa aandike barua. Aliandika kwa Kiswahili, na ndani yake hakujitetea. Alitaja jina la yule mtoto aliyekufa njiani na kusema kwamba nyumbani kwetu anakumbukwa. Barua haikujibiwa. Akaandika nyingine. Miaka ikapita, simu za mkononi zikaja, na siku moja yaya akapiga, akauliza kama bado tunamtaja yule mtoto. Tuliposema ndiyo, akalia. Alikuja kwenye ndoa ya binti yetu mkubwa na akaketi karibu na mume wangu meza moja, wakala sahani moja.

Afrika ya Mashariki wanayo historia inayofanana na hiyo. Mwaka 1929, pale Namirembe, Kampala, daktari Mwingereza Joe Church na Mganda Simeoni Nsibambi walijifungia siku mbili wakisoma Biblia juu ya Roho Mtakatifu na kuomba. Kutoka hapo, na kutoka Gahini nchini Rwanda, uamsho ulienea katika miaka ya 1930 hadi Uganda, Kenya, Tanzania na Burundi. Alama yake ilikuwa watu kuungamana wao kwa wao, mzungu kwa mweusi, mume kwa mke, tajiri kwa mfanyakazi wake, na kurudisha mali ya watu. Askofu Festo Kivengere alikuwa mtoto wa uamsho huo. Mwaka 1977, baada ya Askofu Mkuu Janani Luwum kuuawa chini ya utawala wa Idi Amin, Kivengere alikimbia Uganda. Siku ya Ijumaa Kuu, akiwa kanisani London, aliona kwamba Roho anamdai amsamehe Amin. Aliandika kitabu juu ya msamaha huo mwaka huo huo. Kusamehe hakukumfanya anyamaze juu ya mauaji, aliendelea kuyasema. Jambo hilo nalipenda sana, kwa sababu kwetu msamaha mara nyingi unatumika kufunga watu midomo.

Na hapo niwaambie akina mama wenzangu neno. Kipimo changu hakimaanishi kwamba mwanamke anayepigwa abaki nyumbani akiomba. Nimemsikia mshauri wa ndoa akimwambia mke mwenye jicho lililovimba, "Omba tu, atabadilika." Maombi ya namna hiyo yanamlinda anayepiga. Roho anaweza kumwongoza mama huyo afungue mlango, achukue watoto, aende kwa wazazi wake au polisi, na sisi tunaomwombea tuwe tumekwisha kumwandalia mahali pa kulala.

Lakini linaloniuma zaidi mjini kwetu leo ni manabii wanaotaja watu. Naelewa kwa nini tunawafuata. Mwaka 1986 kampuni ya machimbo ya Gécamines ilizalisha tani zaidi ya 470,000 za shaba; katika miaka ya 1990 ilishuka chini ya tani 50,000. Mwaka 2003, kwa mpango uliosaidiwa na Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliacha kazi kwa malipo ya mara moja. Mji uliokuwa na hospitali na shule za kampuni ukabaki na watu wanaougua bila dawa. Mlango wa kwanza kuwapokea bila kuwauliza fedha ulikuwa wa chumba cha maombi. Siwezi kuwadharau waliowafungulia. Wengi wao waliwalisha watu.

Shida inaanza pale mchungaji anapofunga macho na kusema, "Naona mtu ndani ya nyumba yako." Mimi ni mwalimu, na nilikuwa na mwanafunzi darasani kwangu, mtoto mwerevu wa hesabu, ambaye ghafula alianza kuja bila kuoga na bila kula. Mama yake wa kambo alikuwa amefiwa na kitoto chake, akaenda kwenye maombi, akaambiwa mchawi, mla watu, yuko chini ya paa lake. Kuanzia hapo mtoto alilala nje, kwenye kibanda cha makaa. Akina mama wa shirika tulikwenda, wachache tu, bila kipaza sauti. Hatukwenda kugombana. Tuliketi na yule mama, tukamwomba atusimulie kitoto chake. Alisimulia homa, degedege, usiku ule, namna walivyokosa fedha za usafiri. Alisema tangu mazishi hakuna aliyemuuliza. Wote walimwambia adui ni nani, hakuna aliyelia pamoja naye. Tulilia pamoja naye, tukaomba kimya, mikono juu ya mabega yake, na katikati ya kimya hicho yeye mwenyewe akamwita mtoto aingie ndani. Akaketi kati yetu. Kurudi kwake mezani hakukuwa kwa siku moja, tulilazimika kupita nyumba ile mara kwa mara, na baba yake alikuwa mgumu kuliko mama. Lakini alirudi, na leo anasoma sekondari.

Unabii ulimtoa mtoto nje. Maombi yalimrudisha. Vyote viwili vilidai jina la Roho Mtakatifu, na mtu yeyote mwenye macho anaweza kuona kipi ni kipi.

Najua nitaambiwa kwamba Roho ni huru, huvuma apendako, na mwalimu wa shule ya msingi hana mamlaka ya kumpima. Simpimi Roho. Ninawapima watu wanaosema kwa jina lake, jambo ambalo tumeamriwa. Yohana aliwaonya waumini wasiamini kila roho bali wazijaribu. Paulo aliwaelekeza Wakorintho kwamba manabii wanaposema, wengine wapime. Nabii anayekataa kupimwa amejiweka juu ya mitume.

Tena hata serikali imekwisha kusema. Katiba yetu ya 2006, ibara ya 41, inakataza kumtesa mtoto kwa kumsingizia uchawi. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto, kifungu cha 160, inampa anayemsingizia mtoto uchawi kifungo cha mwaka mmoja hadi mitatu. Sheria hiyo ingepaswa kubandikwa mlangoni mwa kila kanisa la Luano, karibu na ratiba ya mikesha. Mimi ningeanza na parokia yangu, na nimekwisha kumwomba padri.

Wachungaji, mapadri na viongozi wa vikundi vya maombi, nawasihi kwa heshima. Msitaje mtu katika unabii. Mkiletewa mtoto anayesingiziwa, mpelekeni kwanza kituo cha afya, mlisheni, kisha mwende nyumbani kwao mkae na wakubwa mpaka wawaeleze msiba wao. Mke akija peke yake kuombewa ndoa yake, msiridhike kumwekea mikono. Mtafuteni mumewe pia. Na katika mikesha yetu, kati ya nyimbo na makemeo, tupeni kimya cha kutosha mtu amkumbuke aliyemkosea.

Na wewe msomaji, kama Ijumaa hii unakwenda mkeshani, nenda. Tutakutana huko. Lakini kabla hujatoka, pita kwa yule ambaye hamjasemezana, hata kama ni wa kabila lingine, hata kama yeye ndiye aliyeanza, umuulize moyo wake uko namna gani, na umsikilize mpaka amalize.